Kubadilisha Springi za Kushusha Gari Ukiwa Nyumbani

Kushusha gari kwa springi fupi ni kazi ya kufungua bolti na kuzirudisha. Mtu aliyewahi kubadilisha pedi za breki mwenyewe anaiweza, mradi ajitengee siku nzima na asiharakishwe. Lakini kazi hii ina mahali pawili ambapo kosa halina marekebisho: gari likiwa juu ya jeki, na springi ikiwa imebanwa. Kwingine kote ukikosea utafungua tena na kurudia. Hapo pawili hapana kurudia, na ndipo mwongozo huu unapokaa zaidi.

Mfano wetu ni Subaru Impreza ya 2000 hadi 2007, ile inayotambulika kwa kodi ya chasisi GD kwa saluni na GG kwa wagoni. Gari hizi zimejaa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, vipuri vyake havisumbui, na miguu yake yote minne imejengwa kwa mtindo mmoja: shokapu iliyovishwa springi, juu imefungwa kwenye bodi, chini imefungwa kwenye chuma kinachobeba gurudumu. Ukiujua mguu mmoja, umeijua minne. Gari zenye springi ya nyuma iliyokaa mbali na shokapu tutazigusa baadaye.

Je, gari lako linafaa kushushwa?

Saluni ya kawaida ina nafasi ya milimita 150 hivi kati ya tumbo lake na ardhi. Springi za kushusha za kampuni zinazojulikana, kama Eibach na H&R za Ujerumani au Tein na RS-R za Japani, mara nyingi hushusha kati ya milimita 20 na 40. Zimetengenezwa kwa barabara za huko. Japani, ukaguzi wa gari unakubali tumbo likaribie ardhi hadi sentimita 9. Tuta la mtaani kwako halijasoma sheria hiyo.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kata kipande cha godoro la sponji chenye unene wa milimita 30, kibandike kwa gundi ya karatasi chini ya sehemu iliyo chini kuliko zote, mbali na bomba la moshi kwa sababu lina moto. Pakia watu unaowapakia kila siku, kisha pita njia zako za kawaida: tuta la shule, mlango wa geti, kivuko cha mtaro, kituo cha mafuta. Ukirudi na sponji iliyochanika, umepata jibu bila kutoa hata senti moja.

Jambo la pili ni mwendo wa shokapu. Gari likishuka milimita 30, gurudumu limepoteza milimita 30 za kupanda kabla shokapu haijagonga raba ya kikomo. Ugumu wa springi mpya unafidia sehemu tu ya nafasi hiyo. Shokapu za kiwandani zikiwa nzima huvumilia milimita 25 hadi 30. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Na kama zako zimeanza kuvuja mafuta au gari linanesa mara mbili tatu baada ya tuta, badilisha shokapu na springi kwa pamoja. Springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka ni gari linalorukaruka.

Tena, kushuka zaidi hakumaanishi kushika barabara zaidi. Kwenye mfumo huu wa shokapu iliyovishwa springi, unaoitwa kwa jina la mhandisi Earle MacPherson, mkono wa chini huanza ukiwa umeinamia upande wa gurudumu. Ukishusha gari sana, mkono huo unapita usawa na kuinuka upande wa pili. Hapo kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, na gari linaweza kulala zaidi ingawa springi ni ngumu. Milimita 25 hadi 30 zinakupa sura unayoitaka na uendeshaji ulionyooka. Ukivuka hapo, unalipia sura peke yake.

Usikate springi

Kuna fundi atakayekuambia usipoteze pesa, alete grainda akate mzunguko mmoja na nusu. Springi ikipungukiwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo gari litashuka na kudunda. Lakini hatari kubwa iko kwenye ncha. Ncha ya springi ya kiwandani imetengenezwa ikae ndani ya sahani ya shokapu. Ukiikata, kinachobaki ni chuma chenye makali kisicholala vizuri, na gurudumu likining'inia shimoni springi inaweza kuhama mahali pake. Kuichoma kwa gesi ili ilegee ni kubaya zaidi, maana moto unaondoa ugumu uliowekwa kiwandani. Springi hiyo itaendelea kujilaza yenyewe au itakatika siku usiyoijua.

Kununua

Gerezani pale Kariakoo na Kirinyaga Road jijini Nairobi utapata springi za mtumba kutoka Japani kwa bei nafuu. Zinaweza kuwa nzuri, lakini kagua mambo matatu. Kwanza, kodi ya chasisi: springi za GD na za GG si lazima zilingane nyuma, kwa kuwa wagoni ina uzito tofauti. Pili, ziwe nne za seti moja, zenye maandishi au alama za rangi zinazolingana. Tatu, pitisha kidole kwenye mzunguko wa chini kabisa, mahali rangi inapobanduka na maji kutuama. Ukikuta kutu iliyochimba shimo, rudisha. Springi hukatikia hapo.

Usihukumu kwa urefu. Ukizisimamisha ya zamani na mpya pamoja, tofauti inaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko kiasi ambacho gari litashuka, kwa sababu ugumu wao haufanani.

Ongeza kwenye orodha nati mpya za juu ya shokapu, zile zenye kujifunga, na raba za kikomo kama za zamani zimemeguka. Kagua pia maunti za shokapu. Kama ukikata usukani gari likiwa limesimama unasikia springi ikiruka "tang", bearingi ya maunti imekufa na huu ndio wakati wa kuibadilisha.

Vifaa

- Jeki ya magurudumu na stendi mbili imara. Jeki inayokuja na gari ni ya pancha tu.
- Soketi na spana za ringi, hasa namba 12, 14, 17 na 19, pamoja na alenki za ukubwa tofauti.
- Mpini mrefu, au bomba la kuongezea urefu wa spana.
- Spana ya toki, ile inayolia "tik" mkazo unapofika.
- Dawa ya kulegeza kutu, brashi ya waya, tipeksi, waya laini au kamba.
- Vibanio viwili vya springi vyenye pini za usalama. Kama huna, soma sehemu ya kubana springi kabla hujaazima vya jirani.

Jioni ya kuamkia kazi

Pulizia dawa ya kutu bolti zote za chini za shokapu na nati za stabilaiza linki. Kisha gari likiwa mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwa magurudumu yote manne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Namba hizi nne ndizo zitakazokuambia kesho kama kazi imekaa sawa.

Kuinua gari

Fanyia kazi kwenye zege. Kama uwanja wako ni mchanga au pevingi, weka ubao mnene na mpana chini ya kila stendi, kisha uusukume kwa mguu kuona kama unacheza. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Ukianza na mbele, vuta na breki ya mkono.

Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Inua kwa jeki, weka stendi chini ya sehemu zilizotengwa kwenye kingo za bodi, shusha gari likae juu ya stendi, kisha litikise kwa nguvu kwa mikono. Likitaka kuanguka, bora lianguke sasa wakati hakuna mtu chini. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba.

Tofali la saruji si stendi. Linabeba tani nzima bila dalili yoyote, halafu linapasuka mara moja. Jiwe na kipande cha gogo navyo ni hivyo hivyo. Kama huna stendi, kazi isubiri.

Kutoa shokapu ya mbele

1. Fungua kishikio cha paipu ya breki kwenye shokapu na uchomoe waya wa ABS kwenye klipu yake. Visipofunguliwa, vitabeba uzito usio wao.

2. Fungua stabilaiza linki pande zote mbili za gari. Ukifungua upande mmoja tu, bomba la stabilaiza litakusukuma upande unaofanyia kazi.

3. Chini ya shokapu kuna bolti mbili kubwa. Ya juu kwenye Impreza ndiyo bolti ya kamba (camber): kichwa chake kina umbo lisilo la duara kamili na alama za mistari, na ndiyo inayoamua gurudumu lilale kiasi gani. Safisha kwa brashi, kisha chora mstari wa tipeksi unaopita kwenye kichwa na kwenye shokapu. Shika kichwa cha bolti kisizunguke, zungusha nati. Ukizungusha kichwa, umepoteza kipimo.

4. Kabla ya kuchomoa bolti ya mwisho, funga chuma cha gurudumu kwa waya kwenye bodi. Kikiachwa kiangukie nje, kitavuta paipu ya breki, na ekseli inaweza kuchomoka kwenye jointi yake ya ndani. Hapo kazi ya springi imegeuka kazi ya ekseli.

5. Fungua boneti. Juu ya shokapu utaona nati tatu ndogo zikizunguka nati moja ya katikati. Fungua zile tatu tu, huku mwenzako ameishika shokapu kwa chini. Nati ya katikati usiiguse. Ndiyo peke yake inayoizuia springi isiruke.

Kubana springi

Sasa una shokapu mkononi, springi ikiwa imebanwa ndani yake. Chukua springi yenye ugumu wa nyutoni 30 kwa kila milimita. Ikibanwa milimita 150 inasukuma kwa nyutoni 4,500, karibu uzito wa kilo 460. Nguvu iliyofungiwa humo ni sawa na nyundo ya kilo 5 iliyodondoka kutoka urefu wa mita 7. Kikichomoka kibanio kimoja, nguvu hiyo yote inatoka kwa mpigo mmoja, na haichagui upande.

Kwa hiyo kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza, ambayo ningemshauri mtu yeyote anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza: pakia shokapu ulizozitoa na springi mpya, peleka kwenye gereji yenye mashine ya kubana springi, ile inayosimama sakafuni au kufungwa ukutani. Utalipia kazi hiyo peke yake, nayo haichukui muda. Ugumu wote wa kuzitoa na kuzirudisha umeubeba mwenyewe, na pesa kubwa imebaki mfukoni.

Ya pili ni vibanio vya mkono, kwa masharti haya:

- Kagua kulabu na nyuzi za kila kibanio. Kulabu iliyopinda au uzi uliolika, tupa. Paka nyuzi mafuta.
- Weka vibanio viwili vikitazamana, kila kimoja upande wake wa springi, vikamate mizunguko mingi kadiri inavyowezekana. Funga pini za usalama.
- Kaza kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, kwa spana ya mkono. Mashine ya hewa inavunja nyuzi hizi.
- Elekeza ncha za shokapu ukutani. Uso wako, magoti yako na watoto wa nyumbani wakae pembeni.
- Kaza hadi springi icheze kwa mkono ndani ya sahani zake mbili. Hapo ndipo nati ya katikati inafunguliwa: ringi juu ya nati, alenki ikizuia fimbo ya shokapu isizunguke. Kama springi bado imekaza, nati ibaki ilipo.

Nati ikitoka, panga vitu sakafuni kwa mpangilio uliotoka: maunti, sahani ya juu, raba ya kikomo, kava la vumbi, springi. Piga picha. Kisha pima shokapu: isimamishe wima na usukume fimbo hadi chini. Inatakiwa ikupinge kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ukihisi mahali fimbo inateleza bure, shokapu hiyo imekwisha, hata kama haivuji.

Raba ya kikomo irudi mahali pake. Baadhi ya watengenezaji wa springi wanaelekeza ipunguzwe, wakitaja ni pete ngapi za kukata. Fuata karatasi yao. Ukiiondoa kabisa, tuta kubwa litagonganisha chuma kwa chuma, na kitakachopasuka ni shokapu au bodi.

Kuivisha springi mpya mara nyingi ni rahisi kuliko kuitoa ya zamani, kwa kuwa ni fupi. Maandishi yake yasomeke wima, si kichwa chini. Ncha ya chini iguse ule ukingo mdogo kwenye sahani ya shokapu. Hapo ndipo inapolala. Sahani ya juu ya Subaru ina neno OUT, na neno hilo litazame nje ya gari. Weka nati mpya, ikaze, ndipo ulegeze vibanio kwa zamu ileile, ukitazama ncha zote mbili zisihame.

Kurudisha

Ingiza shokapu juu kwanza, zile nati tatu uzishike kwa vidole tu. Kisha bolti za chini, ya kamba ikiwa imerudi kwenye mstari wa tipeksi. Rudisha paipu ya breki, waya wa ABS na linki.

Mkazo si suala la nguvu za mikono. Nati tatu za juu zinahitaji nyutonimita 20 hivi, wakati bolti mbili za chini za mbele zinafika karibu 175. Mtu anayekaza zote kwa hasira moja anakata stadi za juu na kuacha za chini zimelegea. Kitabu cha ukarabati cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Nyuma

Mpangilio ni uleule. Tofauti iko kwenye kufikia nati za juu: kwenye saluni unatoa kiti cha nyuma, kwenye wagoni unaondoa plastiki ya pembeni mwa buti. Kwa kuwa breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma na sasa yako hewani, kabari za magurudumu ya mbele ndizo ulinzi wako. Weka gia pia.

Kwenye gari kama Volkswagen Golf ya kizazi cha nne, springi ya nyuma imekaa peke yake, mbali na shokapu. Hapo unabeba ekseli kwa jeki, unafungua bolti za chini za shokapu, unashusha ekseli polepole na springi inatoka kwa mkono bila kibanio. Angalia tu paipu za breki zisivutike, na raba za juu na chini ya springi zirudi.

Gari likiwa chini

Kazi nyingi za nyumbani huharibikia hapa, kwa sababu gari limependeza na mwenyewe anataka kuonekana mjini.

Lisukume mbele na nyuma, likandamize kila kona, kisha pima upya kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Kulia na kushoto vikaribiane. Kona moja ikiwa juu kuliko mwenzake, uwezekano mkubwa ni ncha ya springi haijalala kwenye sahani. Irudie kabla ya kuendesha.

Halafu kuna bushi za mikono ya chini. Raba hizi zimefungwa zikiwa kwenye pembe ya urefu wa zamani. Gari likishuka, zinakaa zimesokotwa saa zote na zitapasuka mapema. Legeza bolti zake, kisha zikaze uzito wote wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Shimo la gereji linarahisisha kazi hii. Kama hulipati, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao nene, weka kabari, ufanye hivyo hivyo.

Siku hiyohiyo peleka gari kwenye alaimenti. Alama ya tipeksi imekufikisha huko salama, lakini haiwezi kuwa kipimo: gari likishuka, magurudumu hulala kwa ndani na uelekeo wake hubadilika. Uelekeo ukiwa mbaya unamaliza tairi mpya kwa wiki chache. Mwambie fundi kuwa gari limeshushwa, na uondoke na karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Rekebisha taa za mbele pia kama pua imeshuka kuliko mkia. Waarifu na kampuni ya bima kwa maandishi. Badiliko lisilotajwa ni kisingizio kizuri cha kukataa kulipa.

Baada ya kilomita mia moja hivi, rudia kukaza nati za magurudumu na bolti za shokapu. Sauti ya "tok" kwenye tuta dogo ni linki au nati ya juu. Kishindo kizito kwenye tuta kubwa ni raba ya kikomo inagongwa. Kikitokea mara moja moja gari likiwa limejaa, punguza mwendo. Kikitokea kila siku ukiwa peke yako, gari limeshuka kuliko barabara zako zinavyoruhusu.

Kwa sababu hiyo, springi za kiwandani usiziuze. Zipake mafuta, andika mbele au nyuma, kulia au kushoto, uziweke stoo pamoja na zile namba nne za urefu. Msimu wa kwenda kijijini na mizigo ukifika, au barabara ya mtaani ikichimbwa, utazirudisha kwa hatua hizihizi, na ukija kuuza gari, mnunuzi makini ataziulizia.